Mwewe Mlinzi wa Vifaranga

Watu waliomfahamu walimwita Bibi Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa na tabia ya kugeuza nguo ya mtu upande wa ndani kabla ya kuisifia upande wa nje. Akimkuta bibi harusi ukumbini, mkono mmoja unatoa pongezi, mwingine umeshashika ukingo wa gauni kuona pindo limekwendaje. Wapo waliomwona hana adabu. Lakini hao hao, wakiwa na nguo ya maana ya kushonesha, walijua mlango wa kugonga.

Ukoo wake ulikuwa wa mafundi cherehani tangu enzi za babu. Babu alishona sare za shule, baba akashona makoti ya mahakimu, na yeye, binti pekee katika watoto wanne, ndiye aliyerithi sindano, maana kaka zake vidole vyao vilikuwa vya kushikia vijiko tu. Baba alimsomesha mpaka elimu ikasema yenyewe basi, kisha akampeleka chuo cha ufundi. Cheti chake kilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa hata akitaka. Na neno moja baba alilirudia mpaka siku alipofariki: nguo ikifumuka njiani, anayeaibika si aliyeivaa, ni aliyeishona.

Alipofika miaka ishirini na sita akaajiriwa katika bustani ya burudani iliyokuwa pembezoni mwa mji. Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya wachezaji, mapazia ya jukwaa na vitambaa vya viti vya treni ndogo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya banda la treni hiyo. Kilikuwa na cherehani mbili, meza moja ndefu, na dirisha lililotazama mgongo wa kibanda cha bisi, kiasi kwamba kila alichokishona kwa miaka thelathini na moja kilinukia bisi kabla hakijanukia kitu kingine.

Humo ndani alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Kila vazi lilipewa ukurasa wake. Alibandika kipande cha kitambaa kwa pini, akaandika vipimo, akaandika nani ameagiza na ameagiza nini, kisha yule aliyeagiza akatia sahihi chini kabla mkasi haujagusa kitu. Mameneja saba walipita bustanini akiwa hapo, na wote saba walitia sahihi wakiguna. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, huku ni kwenye bembea, si mahakamani." Yeye akamjibu, "Baba yangu alishona makoti ya mahakamani, mwanangu. Tia sahihi."

Jambo alilojivunia kuliko yote bustanini halikuagizwa na meneja yeyote. Miaka yake ya mwanzo mabaki ya vitambaa yalikuwa yakitupwa, naye hakuweza kuvumilia kuona kitu kizuri kinatupwa. Akaanza kuyashona kuwa mikia, masikio, pembe na mabawa ya kufungwa kwa lastiki. Akavijaza katika kapu moja kubwa, akaliweka kwenye majani upande wa mashariki, chini ya turubai. Mtoto akija anachagua. Anachukua mkia wa nyani, mabawa ya kipepeo na pembe moja ya mbuzi, anakuwa mnyama asiye katika kitabu chochote, kisha anakwenda kupigana na mwenzake ambaye ni nusu samaki, nusu jogoo. Hakuna aliyewasimulia hadithi. Hadithi walikuja nayo wenyewe, na walipoondoka waliondoka nayo. Mahali pale pakaja kuitwa Kapuni, na wazazi waliokuwa wakiketi kwenye mabenchi pembeni wengine walikuwa wamewahi kucheza hapo hapo wakiwa wadogo.

Ndipo akaja meneja wa nane.

Huyu alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu visivyopata kukanyaga tope, na kila alikokwenda alikuwa na mchoro uliokunjwa kwapani. Wafanyakazi wakampa jina la Bwana Mchoro. Siku moja saa nne, wakati wa chai, aliwakusanya wote kantini, akakunjua mchoro wake ukutani, akasema kwamba upande wote wa mashariki utavunjwa na kujengwa upya. Utaitwa Nchi ya Kapteni Mwewe.

Wengi walimjua Kapteni Mwewe kwa sababu ya wajukuu. Ilikuwa filamu ya katuni iliyokwisha kutoka sehemu nne, na ya tano ilikuwa njiani. Ilihusu mji wa vifaranga unaolindwa na mwewe aliyeapa kutowagusa. Bustani ilikuwa imepata ruhusa ya wenye filamu, na mkataba ulikuwa wa miaka saba.

Bibi Pindo aliweka kikombe chini.

"Samahani, Meneja. Mwewe analinda vifaranga?"

"Ndiyo, mama. Hapo ndipo penye utamu wake."

"Na vifaranga wamekubali?"

Kantini ikacheka. Bwana Mchoro naye akacheka kidogo, kwa upole wa mtu aliyefundishwa kucheka na wafanyakazi.

"Mama, ni katuni."

"Najua ni katuni. Nauliza tu nani aliyemwajiri."

Kijana akangoja kicheko kiishe, kisha akasema maneno ambayo kwa kweli hayakuwa ya kijinga, na Bibi Pindo mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Alisema mtoto wa siku hizi hapendi mahali, anampenda mtu. Ukimwambia twende bustanini, anakuuliza kuna nini. Ukimwambia twende kwa Kapteni Mwewe, amekwisha kuvaa viatu. Akasema wageni wanapungua kila mwaka, na bustani isiyo na kitu kinachojulikana itabaki kuwa ya wazee wanaokuja kupunga upepo. "Upendo wameshaujenga wenzetu kwa filamu nne," akasema. "Sisi kazi yetu ni kuufungulia geti tu."

"Na wakimchoka?"

"Hawamchoki. Sehemu nne, mama, na zote zimejaza kumbi."

"Mimi nimeshashona sketi nne mfululizo zikanyooka," Bibi Pindo akasema, "ya tano ikatoka imepinda kama mkia wa mbwa. Na hiyo ilikuwa mikononi mwangu mwenyewe. Huyu mwewe wako yumo mikononi mwa nani?"

"Mwa wataalamu."

"Ambao hawatujui."

Bwana Mchoro alikunja mchoro wake. Kikao kikaisha.

Wakavunja. Mabenchi yaling'olewa, majani yakafunikwa saruji, na pale lilipokuwa turubai kikajengwa kiota cha zege kikubwa kama nyumba ya vyumba viwili, ambacho hakuna ndege mwenye akili timamu angetaga ndani yake. Kapu lilipelekwa stoo, na stoo ilipokuja kusafishwa liliondoka na makopo ya rangi. Hakuna aliyemwuliza mshonaji.

Kisha akaja mwakilishi wa wenye filamu, mwanamke mwenye miwani mikubwa na kitabu kikubwa zaidi. Kitabu kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, na ndani yake kila kitu cha Nchi ya Kapteni Mwewe kilikuwa kimeamuliwa: rangi kwa namba, taa kwa urefu, hata pipa la taka liseme nini mtu akilitupia ganda la ndizi. Lilisema, "Asante, raia mwema wa Vifarangani." Lilisema hivyo hivyo kwa mtu aliyelitemea mate. Vyoo viliitwa Kiota cha Wanaume na Kiota cha Wanawake, na wazee wawili watatu walirudi nyumbani wamebanwa kwa kutojua ni vyoo. Wafanyakazi wakamwita yule mwakilishi Mama Kitabu.

Yeye na Bibi Pindo walikutana juu ya vazi la Kapteni mwenyewe.

"Manyoya elfu moja mia nne na sitini," Mama Kitabu alisoma. "Kila moja lielekee chini kushoto."

"Hilo naliweza."

"Mdomo umefungwa, umenyooka, hautabasamu. Macho ya manjano yenye duara jekundu."

Bibi Pindo aliutazama mchoro wa yale macho, kisha akautazama kwa mbali, kama mtu anayepima pazia.

"Mwanangu, macho haya kwenye filamu yana mtu anayeyachezesha. Yanakonyeza, yanalia, yanafumba. Mimi nikiyashona yatabaki hivi hivi, yamekodoa, asubuhi mpaka jioni, mbele ya mtoto wa miaka mitatu. Tumpe hata tabasamu la pembeni."

"Ukurasa wa arobaini na moja, mama. Hairuhusiwi."

"Sawa. Basi tia sahihi hapa."

Mama Kitabu alilitazama daftari la jalada gumu kama mtu anayetazama redio ya betri sita. Lakini alitia sahihi. Kwenye ukurasa Bibi Pindo alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa shule: *Mdomo usitabasamu. Macho yakodoe. Kwa agizo la mwenye filamu. Fundi ameshauri vinginevyo.*

Alishona miezi mitatu. Alilishona vazi lile kama alivyoshona kila kitu, yaani kana kwamba baba yake angekuja kulipindua upande wa ndani. Hakulipenda, ila kutolipenda vazi ni jambo moja na kulishona vibaya ni jambo jingine, na watu wa ukoo huo hawajawahi kuyachanganya.

Siku ya ufunguzi foleni ilifika barabarani. Bibi Pindo aliiona kwa macho yake, na alipofika nyumbani alimwambia mumewe kwamba kijana yule kuhusu geti alisema kweli. Lakini alizunguka pia ndani, akaona mambo mengine. Aliona watoto wamepangwa mstari wapigwe picha na Kapteni, kisha wapangwe mstari mwingine wanunuliwe yai la aiskrimu, kisha wapangwe mstari wa tatu wa kupanda treni iliyopakwa manyoya. Hawakukimbia. Hapakuwa na pa kukimbilia. Aliona binti mdogo amesimama mbele ya mhudumu wa mavazi ya kukodi, anauliza kama anaweza kuwa kuku mwenye mkia wa simba. Mhudumu alifungua nakala yake ya kitabu, akapekua, akafunga.

"Huyo hayumo," alisema.

Miezi mitano ikapita hivyo. Ndani ya vazi la Kapteni alikuwamo mfanyakazi mmoja mpole waliyemwita Mrefu, ambaye zamani aliendesha treni. Kila siku saa kumi alitoka kwenye kiota cha zege, akambeba mchezaji aliyevaa kama Kifaranga Mdogo, akamfunika kwa bawa, na muziki ukapigwa. Watoto wakapiga makofi. Wakati mwingine mdogo mmoja alilia kwa ajili ya yale macho, mama akamtoa, mambo yakaendelea.

Halafu zikaja likizo, na filamu sehemu ya tano ikatoka siku ya Ijumaa.

Jumamosi saa kumi Kapteni Mwewe alitoka kiotani, na watoto wakapiga yowe. Si yowe la furaha. Walikimbilia nyuma ya mama zao. Wengine, wale wenye roho ngumu, walikimbilia mbele. Mmoja alimng'ata Mrefu bawa. Bibi mmoja mwenye umri wa heshima alimpiga kwa mkoba, akamwambia hana haya. Mrefu alirudi chumba cha kushonea akiwa na alama ya kiatu kidogo mgongoni na manyoya sitini pungufu.

"Nimewafanya nini?" aliuliza, amekaa kwenye kigoda, kichwa cha mwewe magotini. "Jana walinikumbatia."

"Walikuwa wanasema nini?"

"Kelele tu, mama. Ndani ya hicho kichwa sisikii hata jina langu."

Jumapili ikawa vile vile. Jumatatu uongozi ukafanya uchunguzi wake, na uchunguzi wa uongozi huwa kama maji, hutafuta mahali pa chini pa kwenda. Saa nne Bwana Mchoro alisimama kantini mbele ya wote, mpishi na sufuria zake wakiwamo, akasoma barua ya onyo. Ilisema kwamba vazi la Kapteni Mwewe limeshonwa chini ya kiwango, kwamba uso wake umepinda na unatisha watoto, na kwamba fundi husika anapewa siku saba kulirekebisha. Asipofanya hivyo ajira yake itaangaliwa upya. Jina lake likasomwa lote, la kwake, la baba na la babu.

Waliokuwa karibu na Bibi Pindo walisema aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

Ajira haikuwa ndiyo iliyomuuma. Miaka miwili tu ilimbakia astaafu, na cherehani ya nyumbani ilikuwa nzima. Kilichomuuma ni majina yale matatu kusomwa pamoja na maneno *chini ya kiwango*. Na mdomo wa kantini haufungwi kwa kitambaa. Jumanne jioni alikuja kwake mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Alikaa, akakataa maji, akasifia mapazia, kisha akasema binti amebadili mawazo, wanakihitaji kile kitambaa.

"Amebadili mawazo ya kuolewa?" Bibi Pindo akauliza.

"Hapana, dada. Ya... mshono."

Alimkunjia kitambaa chake vizuri, akakitia katika mfuko, akamsindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Aliporudi mumewe alikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa mstaafu wa posta, mtu aliyebeba barua za watu miaka thelathini bila kufungua hata moja, na hata sasa hakupenda kufungua jambo la mtu mpaka lifunguliwe na mwenyewe.

"Baba Watoto," akasema Bibi Pindo, "uso ule haukupinda."

"Najua."

"Nimeupima jana, nimeupima leo. Haujaenda pembeni hata unywele."

"Basi kama uso haukubadilika," mumewe akasema polepole, "na watoto ni wale wale, kilichobadilika ni kile walichokiona kabla ya kuja."

Bibi Pindo akakivuta kiti chake karibu.

"Hiyo filamu inaonyeshwa saa ngapi?"

"Mimi siendi kwenye filamu ya kuku."

"Unakwenda. Mwanamke wa umri wangu hawezi kukaa peke yake kwenye filamu ya kuku."

Wakaenda Alhamisi saa nane mchana, wamevaa kama watu wanaokwenda kwenye kipaimara, wakakaa katikati ya watoto mia mbili. Mumewe alilala kabla jina la filamu halijatoka. Bibi Pindo alikaa wima na mkoba mapajani, akatazama kila kitu. Na filamu ilipokaribia mwisho, Kapteni Mwewe, ambaye kwa sehemu nne nzima alikuwa mlinzi, baba na rafiki, alimfunika Kifaranga Mdogo kwa bawa, muziki ule ule ukapigwa, kisha akammeza. Akageuka kwa watazamaji na yale macho ya manjano akasema kwamba miaka yote hiyo alikuwa akingoja wanenepe.

Ukumbi ukaangua kilio. Mzee wa posta akashtuka usingizini.

"Nani kafa?"

"Kifaranga."

"Kaliwa na nani?"

"Na mlinzi."

"Ah," akasema, akafumba macho tena. "Nilidhani ni jambo geni."

Ijumaa saa tisa na nusu Bibi Pindo alibisha ofisini kwa meneja akiwa na daftari lake. Mama Kitabu naye alikuwapo, aliitwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Walimpa kiti. Alikaa, akaliweka daftari mezani lakini hakulifungua.

"Naomba kuuliza jambo moja," alisema. "Kati yenu, nani ameitazama sehemu ya tano?"

Feni iligeuka huku na huku kama inayotafuta mtu wa kumjibu.

"Mimi sina watoto," akasema Bwana Mchoro.

"Sikuuliza una watoto wangapi. Umejenga nchi nzima ya mtu huyu. Umemtungia vyoo. Nauliza kama unajua alichofanya Ijumaa iliyopita."

"Ratiba ilibana, mama. Na kusema kweli ni filamu za watoto."

"Na wewe, mwanangu?"

Mama Kitabu alivua miwani. "Sisi tunashughulika na vitabu vya viwango. Hadithi hatuonyeshwi kabla. Hata baada ya hapo, si lazima."

Basi Bibi Pindo akawasimulia. Alisimulia taratibu, bila kupunguza, bawa, muziki, kumeza na maneno ya mwisho. Alipofika kwenye kunenepa Bwana Mchoro alikuwa ameweka viganja viwili mezani, kama mtu aliyeko ndani ya chombo kinachoyumba. Na kwa kuwa saa kumi ilikuwa imefika, muziki ule ukaanza kupigwa nje. Wote watatu wakageukia dirisha. Mrefu alitoka kwenye kiota cha zege. Alimwendea Kifaranga Mdogo, akamwinua, akamfunika kwa bawa, kama ukurasa wa mia moja na sita ulivyoagiza.

"Anamla!" sauti za watoto zikaja zote kwa pamoja. "Anamla tena!"

"Zima muziki," Bwana Mchoro akasema, hakuna aliyejua kwa nani.

"Haiwezekani," Mama Kitabu akajibu kwa sauti ndogo. Alikuwa amekwisha kufungua kitabu chake. "Onyesho ni la kila siku, miaka saba, bila kubadilishwa. Ni kwenye mkataba." Kisha akaongeza, "Inasemekana sehemu ya sita atatubu."

"Inasemekana na nani?" Bibi Pindo akauliza.

"Inasemekana tu."

"Lini?"

"Miaka mitatu. Minne."

Nje, mtu alikuwa amerusha yai la aiskrimu, nalo lilimpata Kapteni jichoni.

Sasa ndipo Bibi Pindo alipofungua daftari. Aliligeuza liwaelekee, akaweka kidole chini ya maneno aliyoyaandika, na kidole kingine chini ya sahihi. Hakusoma. Watu hawa wawili walikuwa wamesoma vyuo vikuu; alitaka wasome wenyewe.

Bwana Mchoro alisoma mara mbili. Alifungua droo, akatoa nakala ya barua ya onyo.

"Mama, nimekosea. Naichana hapa hapa, mbele yako. Jambo hili limekwisha."

"Usichane."

"Nini tena?"

"Haikusomwa hapa. Ilisomwa kantini saa nne, mbele ya mpishi. Ukiichana humu ofisini, watakaojua ni sisi watatu na feni. Walioisikia ni watu sitini, na kila mmoja ana jirani."

"Basi nitawaambia wakuu wa idara, nao watawaambia..."

"Uliisoma kwa mdomo wako, Meneja. Jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Marehemu wawili uliwatoa walikolala ukawaleta kwenye chai. Utawarudisha kwa mdomo huo huo."

Kijana alijaribu njia nyingine. Alishusha sauti, akasogeza kiti, akamwita mama kwa mara ya saba. Alisema atasoma, hilo halina shida, ila naye anaomba msaada: angalau tabasamu dogo kwenye ule mdomo, lishonwe mwisho wa juma, wenye filamu wasijue. Mama Kitabu alitazama dari.

"Ukurasa wa arobaini na moja," Bibi Pindo akasema. "Na hata ningeshona, mwanangu, mtoto aliyemwona akimeza halafu amwone anatabasamu, huyo hatalala mwezi mzima."

Mama Kitabu, bila kutaka, akacheka. Halafu akafunga kitabu chake.

Jumatatu saa nne kantini ilijaa kuliko kawaida, hata walinzi wa geti walikuja kwa zamu. Mumewe alikuwa amemshauri avae gauni lake la buluu. Alivaa koti la kazi, lile lenye pini kifuani, akakaa meza yake ya siku zote.

Bwana Mchoro alisimama na karatasi. Alisoma haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa: kwamba barua ya tarehe fulani imefutwa, kwamba vazi lilishonwa kama lilivyoagizwa, kwamba kosa halikuwa la fundi. Akakunja karatasi.

"Wa dirishani hawajasikia," Bibi Pindo akasema.

Wa dirishani walikuwa wamesikia vizuri kabisa. Lakini mmoja wao, aliyekuwa na mkate mdomoni, akatikisa kichwa kwa huzuni kuonyesha kwamba ni kweli, hakusikia kitu.

Meneja akakunjua karatasi. Akasoma tena, safari hii polepole, na majina matatu yakatoka moja moja, la kwake, la baba, la babu, kila moja likiwa na nafasi yake ya kukaa.

"Lilikuwa kosa la nani?" mpishi akauliza kutoka kwenye sufuria zake. Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua tu.

"Imeandikwa 'la uongozi'," Bwana Mchoro akasema.

Bibi Pindo alingoja. Hakumtazama, alikuwa akitazama chai yake. Watu sitini walingoja naye.

"La kwangu," kijana akasema.

"Ahsante, Meneja," Bibi Pindo akasema, akainua kikombe akanywa.